Kitambaa cha Ukoo Usio Wako

Siku moja nilialikwa arusini huko Kingi, katika vilima vya Masisi. Ukoo wa bwana arusi ulikuwa umechagua kikwembe kimoja, cha kijani chenye maua ya manjano. Akina mama wote wa ukoo walikuwa wameshona nguo za kikwembe hicho, na wanaume mashati. Mnaijua desturi hii. Ukikitazama kitambaa unajua mara moja ni nani wa nyumba na ni nani mgeni, ni nani atakayegawa chakula na ni nani atakayegawiwa.

Basi Misa ilipokwisha tukaenda nyumbani kwa karamu. Mara akatokea mama mmoja jirani, asiye wa ukoo ule, naye amevaa kikwembe kile kile. Alikuwa amekiona sokoni Sake, akakipenda, akakinunua kwa fedha yake. Akaja moja kwa moja akaketi kati ya akina mama wa ukoo. Shangazi ya bwana arusi akamtazama, kisha akamwuliza kwa sauti iliyosikiwa na wote: «Mama, wewe ni wa tumbo gani katika nyumba yetu?»

Mama yule akajibu: «Kikwembe nimekilipa. Au duka nalo ni la ukoo wenu?»

Watu wakacheka. Lakini yeye hakucheka. Akanyamaza, na kabla ya ngoma kuanza akaenda zake.

Nilirudi nyumbani na swali kichwani. Ni nani aliyekuwa na haki? Yule aliyesema kitambaa ni cha ukoo, au yule aliyesema kitambaa ni cha aliyekilipa? Je, ni vema mtu kuvaa vazi la ukoo usio wake, au la kabila lisilo lake? Mtaniambia: hilo ni neno dogo, ni habari za wanawake na nguo zao. Sivyo, ndugu zangu. Katika nchi yetu ya Masisi na Walikale, watu wamekufa kwa sababu ya kuulizwa swali kama lile la shangazi: «Wewe ni wa nani?» Basi na tulitazame pamoja, polepole.

Kwanza yafaa tujue kwamba swali hili si letu peke yetu. Mbali sana, kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, iko nchi ya Uskoti. Milimani kwake wanaume huvaa vazi la kitambaa cha sufu chenye mistari ya rangi inayopishana, karibu kama shuka za Wamasai. Kitambaa hicho huitwa tartani. Kila ukoo una tartani yake: ukoo huu mistari ya kijani na buluu, ukoo ule nyekundu na nyeusi. Na huko nako watu huulizana: Je, mtu wa ukoo mwingine aweza kuvaa tartani yetu? Na mgeni asiye na ukoo wa Kiskoti avae ipi?

Wako wanaokasirika sana juu ya jambo hilo, wakidhani kwamba tartani hizo zimetoka kwa mababu wa kale kabisa. Lakini sikilizeni habari yenyewe. Mwaka 1746 watu wa milimani walishindwa vitani huko Culloden. Serikali ikatunga sheria ya kuwakataza wanaume na vijana wa milimani wasivae vazi lao, isipokuwa wale walio askari wa mfalme. Aliyevunja sheria hiyo alifungwa miezi 6. Akirudia, alipelekwa ng'ambo ya bahari kwa miaka 7. Sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1782. Kwa hiyo watoto walizaliwa, wakakua na kuoa, wasione baba zao wamevaa vazi lile.

Mwaka 1815 chama kimoja cha watu wa milimani kilichokuwa London kiliwaandikia wakuu wa koo, kikiwaomba kila mmoja alete kipande cha tartani ya ukoo wake. Je, mnajua? Wako wakuu waliokiri kwamba hawakujua tartani yao ni ipi! Tena wako wafumaji waliokuwa wakiuza vitambaa vyao kwa namba tu, na baadaye vitambaa hivyo vikapewa majina ya koo. Halafu mwaka 1822 mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, akavaa mwenyewe vazi la milimani, na kila mtu mwenye heshima akataka kuwa na tartani yake. Hivyo kitu kilichodhaniwa kuwa cha damu, sehemu yake kubwa kilitoka kwenye mtambo wa mfumaji na daftari la mwenye duka.

Tusiwacheke Waskoti. Tutazame vikwembe vyetu wenyewe. Kitambaa hiki tunachokiita vazi la mama wa Kiafrika, namna yake ya kuchorwa kwa nta ilitoka Java, mbali katika Bahari ya Hindi. Waholanzi waliiona huko, wakaiga kwa mashine, na kiwanda chao cha Helmond kilichoanzishwa mwaka 1846 kingali kinatengeneza vikwembe hata leo. Huko Uganda nako, gauni lile kubwa la akina mama lenye mabega yaliyochongoka na mshipi kiunoni huitwa gomesi. Mtu akilikosea heshima, Waganda wataudhika, tena kwa haki. Lakini jina lenyewe ni la fundi cherehani, Mgoa aliyeitwa Gomes.

Basi yule anayesema, «Vazi hili ni letu tangu kuumbwa kwa dunia, mgeni asiliguse,» mara nyingi hajui alisemalo. Nguo hutembea. Hutoka kwa jirani, hutoka kwa mfanyabiashara, hutoka hata kwa adui. Watu huzipenda, huzizoea, na baada ya vizazi viwili huapa kwamba ni za mababu.

Je, basi tuseme kwamba yule mama wa Kingi alikuwa na haki kamili, na kwamba mwenye fedha avae apendavyo? Ngojeni kwanza. Hapa ndipo wengi wanapopotea njia.

Kitambaa ni kitu kimoja, na alama ni kitu kingine. Huko Uskoti kwenyewe hakuna sheria ya kumkataza mtu kuvaa tartani ya ukoo mwingine. Lakini manyoya ya tai katika kofia ni neno jingine. Matatu ni ya mkuu wa ukoo, naye mtu wa kawaida hayavai. Kwa nini? Kwa sababu kitambaa chasema tu: «Nawapenda watu hawa,» au «Mama yangu alitoka kwao.» Lakini manyoya yasema: «Mimi ndimi mkuu wao, mnitii.» Aliyeyavaa bila kuwa mkuu amesema uongo, hata kama hakufungua kinywa.

Na sisi tunalijua hilo tangu zamani. Kwa watu wengi wa Kivu ngozi ya chui ni ya mwami. Kijana hawezi kujifunga ngozi ya chui ati kwa sababu imempendeza. Watazameni pia jirani zetu Warega wa Shabunda, Mwenga na Pangi. Wao walikuwa na chama chao cha bwami, chenye madaraja mengi, na daraja la juu kabisa la wanaume liliitwa kindi. Mtu wa kindi alivaa kofia yenye mkia wa tembo. Kofia ile haikununuliwa kama shati. Ilimpasa mtu kupanda daraja baada ya daraja, kutoa mali, kufundishwa, kupatana na ndugu zake na kuonekana kuwa mtu wa adili. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na vitu vyake vingi vikauzwa, vikaenda kuwekwa katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya. Tajiri wa Ulaya aweza kuinunua kofia ya kindi na kuitundika ukutani. Akiivaa kichwani je, amekuwa kindi? Hata kidogo. Ameshika kofia tu. Ile miaka aliyoitoa mwenyewe ili aipate, hakuishika.

Sisi Wakristu twafahamu vema. Kanzu haimfanyi mtu kuwa padri. Fundi cherehani aweza kushona kasula nzuri kuliko zote, lakini hawezi kusimama altareni kwa sababu ameishona.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujavaa vazi la watu wengine jiulize swali hili moja: *Vazi hili lasema nini juu yangu, na je, ni kweli?* Usiulize kwanza kama wewe ni wa damu yao. Usiulize kwanza kama umelilipa. Uliza kama lisemalo ni kweli.

Katika Maandiko Matakatifu iko mifano miwili ya watu waliovaa nguo za wengine. Yakobo alivaa nguo za kaka yake Esau, akaingia kwa baba yao Isaka aliyekuwa kipofu, akachukua baraka isiyokuwa yake. Naye Daudi alivaa joho la Yonatani mwana wa mfalme; lakini hakuliiba wala hakumdanganya mtu, maana Yonatani mwenyewe alilivua akampa, kwa kuwa alimpenda kama nafsi yake. Tazameni: wote wawili wamevaa nguo isiyo yao. Mmoja amevaa uongo, na mwingine amevaa urafiki.

Sasa tuje kwenye neno lililo zito zaidi katika nchi yetu. Masisi si nchi ya watu wa namna moja. Wako Wahunde, wenye bami wao tangu kale. Wako wasemao Kinyarwanda, Wahutu na Watutsi. Baadhi yao wako Kivu tangu kabla ya Wazungu, na wengi walihamishwa kutoka Rwanda na serikali ya Wabelgiji kati ya mwaka 1937 na 1955, wakawekwa Gishari na mahali pengine. Wako Watembo. Na ukishuka kuelekea Walikale utakuta Wanyanga na wengine. Watu hawa wamelima pamoja, wameuziana viazi na ng'ombe, wameoana. Na katika kuoana, nguo zimeoana pia. Leo utaona arusini wasichana wa makabila mbalimbali wamevaa mshanana, lile vazi la Kinyarwanda la sketi yenye mikunjo na kitambaa chepesi kilichofungwa begani.

Wako wazee wasiopenda. Mzee mmoja aliniambia: «Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa. Binti yetu akivaa mshanana leo, kesho atasema yeye si wetu.» Na upande wa pili nimemsikia mama akinung'unika: «Wanapenda nguo zetu siku ya arusi, lakini siku nyingine wanatuambia turudi tulikotoka.»

Ndugu zangu, msiyadharau maneno hayo mawili. La kwanza ni hofu ya kupotea. La pili ni uchungu wa kupendwa nusu. Yule mama hakuudhika kwa sababu vazi lake limevaliwa na mwingine. Aliudhika kwa sababu wamelichukua vazi wakamwacha mwenyewe nje ya mlango.

Kwa mzee nilijibu: Mzee wangu, methali yako ni ya kweli, lakini asili haikai katika sketi. Binti atakuwa amewaacha watu wake siku atakapoacha kuwaheshimu wazazi wake, atakapoona haya kusema lugha yao na atakapokataa kuwasaidia. Akivaa mshanana kumfurahisha wifi yake siku ya arusi, hajaacha kitu. Mama yule sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia tu kwamba ana haki.

Tena tukumbuke mwaka 1993. Mwezi wa Machi mauaji yalianza Ntoto katika Walikale, kisha vita vya kikabila vikaenea Masisi. Watu wengi waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Na tangu siku hizo vita havikutuachia nafasi ndefu ya kupumua. Siku kama hizo namna ya kufunga kitambaa, namna ya kutamka neno, au sura ya pua huwa hukumu ya kifo.

Labda mtu atauliza: Mama anayekimbia, akivaa nguo ya kabila jingine ili apite salama kwenye kizuizi, je, hasemi uongo kama Yakobo? Nitajibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya mavazi katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, alifundisha kwamba ubaya haumo katika kitu chenyewe kinachovaliwa, bali katika moyo wa mtu anayekitumia vibaya; na kwamba yampasa mtu kuangalia desturi ya watu anaokaa nao. Lakini alisema pia kwamba hata vazi ambalo kwa kawaida haifai mtu kulivaa, aweza kulivaa bila dhambi akilazimika, kwa mfano akijificha mbele ya adui zake. Basi mama yule asihukumiwe. Mwenye kuweka kizuizi cha kuua watu hana haki ya kuambiwa kabila la mtu.

Na tuwaze jambo hili: nguo ile ameipata wapi? Huenda amepewa na jirani yake wa kabila lile lile linalomtafuta. Jirani amefungua sanduku, ametoa kikwembe chake kizuri, amemfunga kwa mikono yake, amemwonyesha namna ya kukikaza. Mama anayetoa hivyo amefanya alivyofanya Yonatani. Ametoa zaidi ya kitambaa: amempa mwenzake jina la nyumba yake limfunike.

Hapo twaona vazi la ukoo ni la nini hasa. Si ukuta. Ni kama paa: wenye nyumba wamelijenga, nao wanaweza kumwingiza mwingine chini yake mvua inaponyesha.

Sasa, ili tusiishie kwenye maneno matupu, nitawapa mashauri manne, wasomaji wapendwa.

Kwanza, *uliza kabla ya kuvaa.* Kuuliza si aibu. Yule mama wa Kingi angemwendea shangazi wiki moja kabla, akamwambia, «Mama, nimekipenda kikwembe chenu, nami nataka kufurahi pamoja nanyi, mwaniruhusu?» nadhani angepokewa kwa vigelegele. Mtu akiombwa hufungua mkono; akinyang'anywa hukunja ngumi.

Pili, *acha alama za kazi na heshima kwa wenyewe.* Ngozi ya mwami, kofia ya wazee, sare ya Legio Maria, msalaba wa mtawa: vitu hivyo vina ahadi ndani yake. Asiyeweka ahadi asivivae, hata kwa mchezo.

Tatu, *usivae vazi la watu ili kuwachekesha wengine.* Nimeona vijana katika michezo ya kuigiza wakijifunga nguo za kabila jirani ili kuonyesha mtu mchoyo au mjinga, na watu wakacheka sana. Kicheko namna hiyo ni mbegu. Twajua ilivyoota.

Nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote: *ukivaa kitambaa cha watu siku ya arusi, uwe tayari kukivaa siku ya msiba.* Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe ndilo linalomfanya mgeni kuwa mtu wa nyumba. Anayetaka rangi za ukoo bila mizigo ya ukoo, huyo amevaa nguo ya kuazima, nayo methali yasema haisitiri.

Na ninyi wenye vazi, wazee na mashangazi, nanyi sikilizeni. Akija mtu wa nje amevaa kitambaa chenu kwa heshima, msimwulize tumbo lililomzaa. Mwulizeni kama ameshiba. Kitambaa kitawaletea ndugu, au kitawatengenezea adui. Uchaguzi ni wenu.

Namaliza kwa kuwapasha habari za yule mama. Miezi michache baada ya arusi, bibi ya bwana arusi alifariki. Ilikuwa majira ya mvua, na njia ya kupanda nyumbani kwao ilikuwa tope tupu. Siku ya kwanza ya matanga, kabla wengi wa ukoo hawajafika, alionekana mama mmoja akipanda na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa ni yeye. Alichota maji, alipika, alilala msibani siku tatu. Hakuvaa kikwembe cha kijani. Alivaa nguo yake ya shambani.

Siku ya tatu shangazi aliingia chumbani, akatoka na kikwembe chake mwenyewe, kile cha arusi, kimekunjwa vizuri. Hakutoa hotuba. Alimfunga mama yule kiunoni mbele ya watu wote, akamwambia: «Mama, njoo tugawe chakula.»